Tuko watu 11 tunataka kupanda maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, wengi hatujawahi kuingia msitu mkubwa, tujiandaeje?

mama_zai_tabata

Habarini wadau, na wakubwa wote shikamooni. Sisi tulisoma pamoja sekondari, kina mama 8 na kina baba 3, umri wetu ni kati ya miaka 38 na 51, tuna kikundi tunaweka hela kila mwezi na mwaka huu badala ya kugawana tumekubaliana tutoke twende sehemu ambayo hakuna hata mmoja wetu amefika. Mimi ndo katibu kwa hiyo mzigo wote wa kuulizia uko kwangu. Tumechagua Udzungwa, tulale usiku mbili Mang'ula halafu siku ya kati tupande kuona maporomoko ya Sanje. Tulikuwa tumepanga Pasaka kwa sababu ndo kuna siku nyingi za mapumziko mfululizo.

Sasa maswali yangu. Kwanza huo muda ni sawa? Pili muongozaji tunampata wapi, tutafute kampuni huku huku Dar watubebe kila kitu au tujiendee wenyewe tumkute huko? Tatu vitu vya kununua, maana kila mtu kwenye grupu anasema lake, mmoja anasema gambuti, mwingine raba, mwingine kasema tununue zile nguo za kijani kama za wanajeshi. Halafu kuna mwenzetu ana pumu na mwingine goti linamsumbua toka alipoanguka na bodaboda, sitaki kuwaacha nyumbani lakini sitaki pia niwatie kwenye matatizo. Naombeni mnisaidie kwa mliofika, nina miezi kadhaa ya kujipanga.

mpagazi_wa_zamani

Karibu sana Mang'ula dada. Mimi ni mzaliwa wa huku huku, nimebeba mizigo ya watafiti na wageni kwenye hii milima miaka mingi kabla magoti hayajachoka, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Pasaka achaneni nayo. April ni masika yenyewe, upande huu wa mashariki wa milima unapokea ule upepo wa unyevu kutoka baharini ndo maana unapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi inashuka miezi hiyo. Njia inakuwa utelezi mtupu, mawe yanaota ukungu, vijito ambavyo June unaruka unavikuta vimejaa, na watu wa hifadhi wakiona hali mbaya wanaweza kuwazuia na wana haki. Njooni mwishoni mwa June au wiki ya Saba Saba. Hapo ardhi imeshakauka lakini maji bado mengi, maporomoko yanaonekana kweli kweli. Ukisubiri mpaka October maji yanakuwa yamepungua sana, utaona lakini sio ile ngurumo.

Kuhusu muongozaji, huwezi kuingia bila yeye kwa hiyo hata usihangaike kufikiria. Hifadhi hii haina barabara za gari ndani, ni ya miguu tu. Mnafika makao makuu ya hifadhi Mang'ula, mnajiandikisha, mnalipa kwa kontrol namba au kadi sio keshi, mnapangiwa muongozaji. Kila mtu aje na kitambulisho cha NIDA ili alipe kiingilio cha Mtanzania. Piga simu hifadhini mapema useme mko 11 maana kikundi kikubwa hivyo kinahitaji waongozaji wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, hilo msikubali kubaniwa. Na jambo watu wengi wanakosea, njia ya Sanje haianzii Mang'ula, inaanzia kijiji cha Sanje ambacho mtakuwa mmekipita mkitokea Kidatu, kama kilomita 9 au 10 kurudi nyuma. Kwa hiyo mkishalipa mnatakiwa muwe na gari la kuwarudisha Sanje, kosta yenu mliyokuja nayo inafaa, au mkodi Noah.

Maporomoko yenyewe ni kama mita 170 kwa jumla na yamegawanyika mara tatu. Kwenda na kurudi wanasema ni masaa manne, nyie na umri huo na picha zenu wekeni masaa sita, muanze saa moja na nusu asubuhi. Chini kuna joto kali sababu Mang'ula iko chini sana, ni bonde la Kilombero hili, ndani ya msitu kuna kivuli ila jasho litatoka tu. Mkifika juu kabisa mtaona mashamba ya miwa mpaka macho yanachoka.

Naomba niseme na hili kwa sababu linanigusa. Muongozaji msimchukulie kama mtu wa kuonyesha njia tu. Mwaka 1979 watafiti wawili walikuwa kwenye msitu huu wa Sanje wakasikia mlio wa mnyama wasiomjua, aliyewaambia ni nini alikuwa mwenyeji waliyekuwa naye, akawaambia huyo ni ng'olaga. Kumbe kwa wataalamu wa dunia nzima alikuwa hajaandikwa popote, na mpaka leo anaishi kwenye milima hii ya Udzungwa tu, ni jamii ya nyani, sasa hivi wanamwita mangabei wa Sanje. Babu zetu walikuwa wanamjua siku zote. Kwa hiyo muulizeni muongozaji wenu maswali, muulize miti, muulize dawa, muulize majina ya vijito, atafurahi na nyie mtaona msitu mara mbili ya yule anayepita anakimbilia maji.

kitonga_hadi_mbeya

Naunga mkono mkuu hapo juu kuhusu Pasaka, na nakuongezea yaliyonikuta ili usirudie. Tulienda April miaka kadhaa iliyopita, tulimlipa mtu mmoja wa hapa Dar anayepanga safari, jina sitaji. Hela ililipwa yote mwezi kabla. Tumefika getini hakuna taarifa yoyote ya ujio wetu, kiingilio hakijalipwa, muongozaji hajaombwa, yeye simu haipatikani. Tukajichanga upya, tukaanza kupanda saa tano asubuhi chini ya mvua, dada mmoja kateleza kwenye jiwe kaumia kifundo cha mguu hata nusu ya njia hatujafika. Yule muongozaji wa hifadhi alichokifanya sitamsahau, alikata fito mbili, akafunga kanga, akatushusha taratibu sana akiwa anaongea na yule dada njia nzima asiogope, na wala hakuwa na wajibu wa kubeba mtu.

Kwa hiyo dada ushauri wangu jiendeeni wenyewe, sio ngumu hata kidogo. Kama hamkodi kosta, pandeni treni ya SGR mpaka Morogoro, safari haifiki hata masaa mawili, halafu stendi ya Msamvu mnapata basi la Ifakara linawashusha Mang'ula. Au basi la moja kwa moja kutoka stendi ya Mbezi. Kwa watu 11 mimi ningekodi kosta tu na dereva alale huko huko, maana mnaihitaji ya kwenda Sanje na kurudi, na mkipita Mikumi ile lami inakatiza ndani ya hifadhi kilomita 50 hivi, mnaona twiga na tembo na pundamilia mkiwa mmekaa kwenye siti zenu. Dereva mwambieni mapema aheshimu spidi hapo, kugonga mnyama faini yake ni kubwa na mnyama mwenyewe anauma roho. Kutoka Mikumi mjini mnakata kushoto kuelekea Kidatu, zamani kuanzia Kidatu ilikuwa vumbi na mashimo, sasa hivi imewekwa lami.

nesi_zamu_ya_usiku

Mimi sijafika Sanje ila nimefika kilele cha Mwanihana huko huko Udzungwa kwa ile njia ya siku tatu, na kazi yangu ni nesi kwa hiyo niseme ya afya.

Mwenye pumu anaweza kwenda ila aonane na daktari wake wiki kadhaa kabla, sio siku ya mwisho. Pampu yake iwe mpya, aiweke mfukoni kwake sio kwenye begi la mtu mwingine aliyetangulia mbele, na mwenzake mmoja awe na ya akiba na ajue inavyotumika. Atembee wa pili kutoka mbele, nyuma tu ya muongozaji, maana mtu akiwa mkiani anakuwa anakimbiza wengine na hapo ndo kifua kinabana. Mwambieni muongozaji kabla hamjaanza, watu wengi wanaona aibu kusema ugonjwa wao na hilo ndo linawaponza.

Wa goti ni habari nyingine kidogo. Kupanda sio shida sana, shida ni kushuka, goti bovu linalia wakati wa kushuka. Kama akipanda ngazi za ghorofa nne na kushuka leo anavimba, basi Sanje asiende, na wala hatakosa safari. Pale Mang'ula karibu na makao makuu kuna njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, yalipewa jina la yule mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuja kuifungua hifadhi mwaka 1992, ni kama kilomita moja tu kwenda. Anaenda na mtu mmoja wa kumsindikiza na muongozaji wao, anaona msitu ule ule, mbega anawaona, anarudi anapumzika. Ukimpangia hivyo toka mwanzo hatajisikia kaachwa.

Malaria. Kilombero ina mbu haswa, na watu wa Dar tunajisahau tunadhani tumezoea. Hakikisha mnapolala kuna neti nzima isiyo na matobo, jioni nguo za mikono mirefu na dawa ya kupaka. Na mkisharudi nyumbani mtu akipata homa hata baada ya wiki mbili tatu akapime, asinunue panadoli akalala.

Boksi la huduma ya kwanza moja linatosha kwa kikundi: bandeji ya kukaza, plasta nyingi za malengelenge, dawa ya kusafishia vidonda, gloves, mkasi, kibanio cha kutolea miba, dawa ya mzio, na paketi za ORS angalau 15. Hizo ORS sio za kuharisha tu, mtu akitoka jasho masaa matano halafu anakunywa maji matupu anaanza kuumwa kichwa na misuli inabana. Maji kila mtu lita 2 mwenyewe mgongoni. Usimpe mmoja abebe ya wote.

jua_kali_ilala

Viatu nendeni Karume mitumba asubuhi na mapema mtapata buti nzuri za kupandia milima kwa bei rahisi kuliko raba mpya za mjini. Angalia soli iwe na meno marefu na ukiikunja isiachie gundi. Gambuti hapana, haishiki kifundo na ukishuka vidole vinagonga mbele. Na chonde chonde kiatu kivaliwe angalau mwezi mzima kabla ya safari, nenda nacho sokoni, nenda nacho kazini.

bi_mwanahawa

Assalam alaykum mama Zai. Umesema kina mama 8, najua kwenye wanane hao wapo tunaojistiri, na huwa hatuulizi hadharani, basi nijibu hata kama hujauliza. Buibui refu liacheni hotelini, linanasa kwenye miiba na ukilikanyaga kwenye kupanda unaanguka kifudifudi. Nilivaa suruali pana ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka, juu yake kanzu fupi inayofika magotini yenye mpasuo pembeni, na hijabu ile ya kuvaa tu ya kuvuta, sio mtandio wa pini wenye ncha zinazoning'inia. Nilikuwa huru kabisa na nimejistiri. Jinzi msivae jamani hata wasiojistiri, ikilowa inakuwa nzito na haikauki mpaka kesho yake, inachubua mapaja. Na zile za kijani zenye madoa kama za jeshi msithubutu, kwa sheria za nchi yetu raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, mtajitafutia maneno na askari bure.

Suruali ichomekwe ndani ya soksi, mtaonekana vile vile tu msituni hakuna wa kuwatazama, lakini siafu hawatapanda. Mimi walinipanda mara moja, nilisimama kupiga picha bila kuangalia chini. Muongozaji alikuwa ameshasema "hapa tusisimame" na mimi nikasimama. Na kanga kila mmoja abebe mbili, kanga ni taulo, ni stara ya kubadilishia nguo, ni kitandiko cha kukalia, na umesikia kaka hapo juu, ni bandeji pia.

mama_zai_tabata

Jamani nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Nimeshaitisha kikao tumeahirisha Pasaka, tunaenda wiki ya Saba Saba. Bi Mwanahawa waalaykum salaam, umeniokoa, tuko wanne tunaojistiri na mmoja alikuwa anasita kwenda kwa sababu hiyo hiyo na hakusema. Naomba niulize mengine mawili, mazoezi tufanye nini kwa watu ambao siku nzima wamekaa ofisini au dukani, na chakula cha njiani tubebe nini? Na je kuogelea tunaruhusiwa kwenye yale maji?

kitonga_hadi_mbeya

Mazoezi anzeni sasa na msianze kwa fujo. Wiki za mwanzo ni kutembea tu, nusu saa kila jioni, shuka kituo kimoja kabla ya nyumbani. Baada ya hapo tafuteni ngazi, ghorofa yoyote, kupanda na kushuka dakika 20 mara tatu kwa wiki, na mwezi wa mwisho kila mtu afanye akiwa na begi mgongoni lenye chupa za maji. Halafu kama wiki tatu kabla mwende wote Pugu Kazimzumbwi siku moja, ni hapo tu nyuma ya uwanja wa ndege, msitu upo na vilima vipo. Sio kama Udzungwa lakini mtajuana. Mtajua nani anatembea haraka akasahau wenzake, nani kiatu kinamuuma, nani anachoka mapema. Sisi hatukufanya hivyo na nina uhakika kama tungefanya tungeona kuwa yule dada viatu vyake havishiki.

mpagazi_wa_zamani

Chakula msihangaike na mambo ya supamaketi. Siku ya kabla pitieni soko la Mang'ula, ndizi mbivu zipo za kila aina. Mwambieni mwenye nyumba ya wageni jioni awachemshie mayai na viazi vitamu, muongeze na karanga au tende. Wali utakula jioni mkisharudi, mchele wa Kilombero ukiupata unapopikwa kwao utajua kwa nini watu wanausifia. Chakula kikae kwenye kontena lenye mfuniko wa kubana na msikitoe pale getini wala kwenye eneo la kambi, nyani wanajua kabisa nini kiko kwenye rambo na begi lililo wazi wanalifungua mbele yako. Mifuko ya plastiki ya kubebea msije nayo, ilishapigwa marufuku nchi nzima toka June 2019, na takataka zote mrudi nazo hata maganda ya mayai.

Kuogelea yapo madimbwi watu wanaoga, ni baridi na raha sana baada ya ile jasho, lakini ni pale tu muongozaji atakapowaonyesha, na sio pale ambapo maji yanadondokea. Kule juu kwenye ukingo msisogelee kwa ajili ya picha. Nasema tena msisogelee, lile jiwe hata likiwa limekauka kwa macho linateleza.

Kingine ni upupu. Kuanzia June ndo maganda yake yanakauka, yapo pembezoni mwa njia kabla msitu mnene haujaanza, ni maganda ya kahawia yenye manyoya, ukipita unagusa tu na bega umekwisha. Ikitokea usikune wala usipanguse kwa mkono, selotepu pana bandika na kuvuta mara kadhaa inatoa vile vinyoya, halafu unaosha kwa maji mengi. Beba selotepu moja, ni nyepesi. Na mkitaka kurusha droni muombe kibali kwanza, msije mkanyang'anywa.

Mtaulizia pia wanyama. Tembo wapo, nyati wapo, ila njia ya Sanje sio ya kuwaona sana, kwenye njia ndefu za kulala ndani ndo mnapewa askari mwenye bunduki. Nyie mtaona mbega mweusi na mweupe, kima, na mkiwa na bahati mbega mwekundu, yule mwenye kofia nyekundu kichwani, huyo naye ni wa milima hii. Kundi la watu 11 likipiga kelele hamtaona chochote. Mkubaliane nusu saa moja tu, baada ya mapumziko ya kwanza, kila mtu atembee kimya bila simu. Hiyo nusu saa ndo mtasikia ndege, mtasikia maji kwa mbali kabla hamjayaona.

nesi_zamu_ya_usiku

Nimekumbuka, mwenye goti aanze kutumia fimbo kwenye yale mazoezi ya ngazi. Na kucha za miguuni mkate fupi wote siku mbili kabla, hiyo inasahaulika na wakati wa kushuka ndo inawatoa watu machozi.

mama_zai_tabata

Nimeandika zote kwenye daftari. Mwenye goti nimeongea naye leo, amepanda ngazi za kazini kwao ghorofa ya nne na kushuka, jioni limevimba, kwa hiyo yeye na shoga yake mmoja wataenda hiyo njia ya Prince Bernhard na ameipokea vizuri, kasema yeye ndo atapokea wenzake na chai ya tangawizi wakirudi. Pugu tunaenda Jumamosi ya pili ya June. Mpagazi, kaka yangu, tukifika Mang'ula tungependa kukuona tukusalimie, na yule muongozaji tutamuuliza habari za ng'olaga.

mpagazi_wa_zamani

Karibuni mno. Ulizieni pale sokoni upande wa wauza ndizi, nipo kila asubuhi. Na msimuulize tu habari zake, mwambieni awaonyeshe mlio wake, wengi wao wanaujua kuuiga.